Televizyo Iliyosuguliwa kwa Majivu

Nianze na sufuria, maana bila sufuria hamtaielewa televizyo.

Kwetu, watu waliotoka milima ya Butembo kuja kufanya biashara Bunia, sufuria ya kuazima hairudi kwa mwenyewe vile ilivyotoka. Inarudi imesuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka kwenye matako yake, pale penye masizi ya miaka na miaka, mpaka mwenyewe ajione meno. Ukimrudishia mwanamke chombo chake na masizi, umemtukana yeye na mama yake. Mama yangu aliishika sheria hii kuliko amri kumi za Mungu, na wanawake wa avenue yetu pale mtaa wa Bigo walimjua mapema. Walikuwa wanamletea sufuria zao zilizo nyeusi kabisa. "Mama, shika hii, itakusaidia kama unapata wageni." Wageni gani? Hatukuwa na wageni. Lakini sufuria ilikaa kwetu siku mbili, ikapikiwa mboga mara moja kwa adabu, ikarudi inang'aa kama ya harusi.

Nilikuwa nakasirika mpaka machozi yananitoka. "Mama, hawa batu banakutumikisha bure!"

"Acha," anajibu, bila kuinua kichwa. "Mukono yangu haiozi."

Sasa televizyo. Ilifika kwetu wakati vita vilikuwa vimerudi Ituri, vile vile ambavyo wakubwa walituambia vimeisha tukiwa wadogo. Vijiji vya Djugu vilikuwa vinaungua, watu wanaingia mjini na godoro kichwani na mbuzi mkononi, na redio kila asubuhi inatangaza kwamba hali imetulia. Kila ilipotangaza hivyo, mama alituma mtu anunue chumvi ya akiba.

Papa aliuza maharagi sokoni, na maharagi mazuri yalitoka Bule. Huko alikuwa na rafiki mkulima aliyekuwa akimletea magunia tangu mimi sijazaliwa. Mchana mmoja wa mvua tukamwona anaingia kwenye parcelle yetu, uani, nyuma ya motari, mwenye pikipiki ya kukodi, wote wawili wamejaa tope mpaka kope, na katikati yao televizyo kubwa, ile nyembamba tunayoita ekra pla, imefungwa kamba kama mbuzi wa sokoni.

"Ndugu," alimwambia papa, "hii haiko yangu. Ni ya bibi yangu. Amelima mpaka mugongo imepinda, njo akanunua. Unichungie."

Papa akaipokea kwa mikono miwili. Siku ile nyumba ya yule rafiki ilikuwa bado imesimama. Kabla ya mwezi kwisha ilikuwa majivu, na yeye na huyo bibi yake, mkewe, na watoto walikuwa kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni ya mji, chini ya hema la plastiki. Pale televizyo ingekosa umeme, na ingekosa hata ukuta wa kuegemea.

Yule rafiki alikuwa wa moja ya yale makabila mawili yaliyokuwa yakiuana. Sitataja lipi. Watu wa Bunia wameshajua, na wasiojua hawatapata faida yoyote wakijua. Siye watu wa Butembo hatukuwa na upande, na kuna wanaodhani hiyo ni bahati. Bahati gani? Mtu mwenye upande ana watu wa kumtetea hata akiwa mjinga. Asiye na upande ana jina lake tu. Siku jina hilo likichafuka, kila upande unakumbuka kwamba wewe ni mgeni, na kwamba duka lako lina mlango mwepesi. Papa alilijua hilo sana, ndiyo maana alikuwa mkali juu ya vitu vya watu.

Aliiweka televizyo sebuleni, akaigeuza uso ukutani. "Kitu ya kuchunga haiangaliwi," alisema. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, karibu afe. Ulikuwa msimu wa mpira wa Afrika, nyumba ina televizyo kubwa kuliko dirisha, na yeye anasimama kwenye kibanda cha watu kuchungulia kwa nyuma ya mabega. Majirani nao hawakukubali hata kidogo kwamba hatuitazami. "Munaona mupira peke yenu humo ndani, wachoyo nyinyi!" Kwa hiyo tulipata lawama yote ya kuwa na televizyo, na raha yake hatukuipata.

Tukakaa hivyo mpaka Ijumaa moja yule rafiki wa papa alipokuja akakaa kwenye ukingo wa kiti. Chai hakuigusa. Kwetu mtu asipogusa chai, ujue ana neno.

"Ndugu, kule kambini batu banasema maneno. Banasema bintu yenye tuliacha ku mji, bafanyabiashara banaikula. Mbuzi banauza, godoro banalalia. Siye tunangoja bure."

"Na weye unasema je?"

"Mimi nimekutetea mpaka sauti imekauka. Lakini bibi yangu amesikiliza ile maneno. Na bazee ya kambi bananiambia mimi ni mupumbavu, nimepeana kitu kwa mutu haiko wa kwetu." Akafuta uso. "Nikasema, basi, muje muone na macho. Siku ya Mungu, misa ikiisha, nitakuja na bibi, na bazee wawili. Tutabeba tele yetu."

Papa akacheka, kicheko cha mtu mwenye roho safi. "Waje hata leo!"

Na kweli, kitu hakikuguswa. Kilikuwa pale pale, na tope lake la njia ya Bule limekaukia juu yake vile kilivyoingia, kwa sababu papa alikataza hata kukipangusa. Siku ile papa alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Bigo. Tatizo ni kwamba mama, aliyekuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo, katika maneno yote yale alisikia jambo moja tu: mwanamke anakuja kuchukua chombo chake.

Jumamosi papa alikuwa sokoni. Mimi nilikwenda kuchota maji, foleni ikawa ndefu, wanawake wakapigana kidogo, wakapatana. Niliporudi nikakuta televizyo imelala chali uani juu ya mkeka, kwenye jua. Mama amepiga magoti juu yake. Pembeni yake bakuli la majivu ya makaa, na mkononi kipande cha gunia kilicholowa. Anasugua kwa mduara, kwa nguvu zote, anaimba wimbo wa kanisa.

"Njoo uone," akaniambia, jasho linatiririka. "Uso yake imeanza kuonekana."

Nikaona. Ekra yote ilikuwa duara juu ya duara, mikwaruzo kutoka pembe mpaka pembe, na katikati, pale palipokuwa na tope kubwa, mama alikuwa amekaza zaidi. Nilipiga yowe moja. Lilikuwa yowe baya, nakubali. Jirani wa kushoto akatoka mbio na mtoto mgongoni na godoro kichwani, akadhani wenye mapanga wameingia mjini. Ikabidi kwanza tumtulize yeye.

"Mama, umeiua!"

"Nimeiua je? Ilikuwa inapumua?"

"Hii haiko sufuria!"

"Minajua haiko sufuria. Lakini ni kitu ya mutu." Akaitazama kazi yake kwa mara ya kwanza kwa macho yangu, nafikiri, kwa sababu kile kipande cha gunia kikamponyoka polepole. "Itatoka? Hii michoro, itatoka?"

Papa alipofika alivua kofia. Alikaa juu ya gunia la maharagi, kofia mkononi, akaitazama kwa muda mrefu. Tungefurahi kama angefoka.

"Waambie tu kama nimeisafisha," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Mama batoto," papa akajibu, "katika hii dunia yote hakuna mutu atasadiki kama siye tuliharibu tele ya batu juu ya heshima."

Alisema kweli. Akilini niliwaona wale wazee wakisimama mbele ya ile ekra. Wangesema nini, kama si kwamba tuliitumia mpaka ikachakaa? Kesho yake kambi yote ingesema, keshokutwa soko lote, na papa asingekuwa tena mtu wa kuachiwa kitu, wala wa kuletewa gunia. Na katika mji ule, wakati ule, watu walikuwa wanachomewa maduka kwa maneno madogo kuliko hayo.

Basi tukaanza kuitibu. Yaya alikuwa ametazama kwenye simu yake video ya mtu mwenye mikono safi sana aliyefuta mikwaruzo kwa dawa ya meno. "Dawa ya moto ni moto," akasema, "na dawa ya kusugua ni kusugua." Tukachukua tyubu nzima na singlet ya zamani ya papa. Tulisugua kwa zamu. Ile mikwaruzo mikubwa ilibaki ilivyo, ila sasa ilikaa ndani ya ukungu mweupe, na nyumba yote ikanuka kama mdomo wa padri. Yule jirani wa godoro, aliyebaki kutusaidia, akakumbuka kwamba ekra ni nyeusi, basi inataka sirage, ile rangi nyeusi ya kung'arisha viatu. Kabla hatujamshika alikuwa ameshapaka pembe moja. Ile pembe ilibaki inang'aa kama kiatu cha askari, na haikuonyesha kitu tena kingine.

Yaya akaenda kuleta fundi wa simu kutoka barabarani. Fundi akaizunguka televizyo, mkono kidevuni, daktari kabisa. Akasema ekra ya namna hii haiponi, lakini yeye ana zile plastiki za kulinda vioo vya simu, anaweza kuzibandika moja kando ya nyingine, kwa mistari, mpaka ziijaze. "Mutaona picha, ila itakuwa kama vigae." Yaya, sikio la kufa, tayari alikuwa anapima kwa mkono ngapi zitaenea. Papa akamsindikiza fundi mpaka barabarani, na hakumsindikiza kwa upole.

Dawa iliyokubali ilikuwa mafuta ya kujipaka. Yaya alipaka kidogo kwa kukata tamaa, akapangusa kwa kiganja, na mikwaruzo ikazama. Hee! Tukapaka yote. Ukisimama kwa upande, ekra ilikuwa nyeusi na laini kama siku ya kuzaliwa kwake. Tulirukaruka. Jirani akapiga vigelegele. Hata papa akasema Mungu ni mwema, kisha akaanza kuvisogeza viti vya sebuleni, anakaa kwenye hiki, anainuka, anakaa kwenye kile, kutafuta pale ambapo mgeni akikaa hataona kitu.

Nilimtazama, na sikupenda nilichokiona. Mtu huyu alikuwa akipimia watu maharagi akaongeza kiganja kimoja juu ili asije akawapunja bila kujua. Sasa, kwa kulinda jina lake la mtu asiyedanganya, alikuwa anajifunza kudanganya, na viti alikuwa anavipanga vizuri kabisa.

Mama peke yake hakucheka. "Mwenye anaficha ugonjwa, kilio itamufichua," alisema.

"Weye kesho utabaki ku jikoni," papa akamjibu. "Tumeona kazi ya mikono yako, inatosha. Mudomo pia itulie."

Mama akaokota bakuli lake la majivu, akaingia jikoni.

Jumapili tulipotoka kanisani tukagundua kwamba tulisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Bunia analijua: vumbi. Televizyo na mafuta yake ilikuwa imekaa karibu na dirisha asubuhi nzima na vumbi la barabara lilikuwa limekuja kuabudu. Nzi wawili pia walikuwa wamekwama, mmoja bado mzima. Yaya akafuta mbio mbio, akapaka upya, na mlangoni wakabisha hodi.

Rafiki wa papa aliingia kwanza, akijitahidi kutabasamu. Nyuma yake wazee wawili wa kambi. Mmoja alikuja kutazama tu. Wa pili alikuwa na fimbo, na alisalimia kila mtu kama hakimu anayeingia. Mwisho akaingia bibi, mwenye televizyo. Sikuwahi kumwona kabla. Alikuwa mwembamba sana, kitenge chake kimefuliwa mpaka maua yamepotea, na hakumtazama mtu yeyote usoni.

"Karibuni, mukae," papa akasema, akionyesha vile viti vyake. "Tele ni ile."

Wanaume wakakaa walipoonyeshwa. Bibi hakukaa. Alikwenda akasimama mbele ya televizyo, mbele kabisa, pale ambapo papa hakupanga mtu asimame. Akainua kidole, akakipitisha juu ya kioo. Akakitazama kidole. Akakinusa.

"Tele inajipaka mafuta?" akauliza.

Akachukua ncha ya kitenge chake, akafuta kwa mkono wote, kushoto na kulia, na ile mikwaruzo yote ikatoka kwenye mwanga, duara na duara, na ukungu wa dawa ya meno, na ile pembe ya kiatu.

Mzee wa fimbo akamgeukia mume wake. "Umeona? Tulisema nini?"

Rafiki wa papa akainamisha kichwa akatazama sakafu. Ningetaka ardhi inimeze pamoja na televizyo, na papa, na viti vyake. Yaya alikuwa bado ameficha mkebe wa mafuta nyuma ya mgongo.

"Ni mimi."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka viwikoni, maana kule jikoni alikokatazwa kutoka alikuwa amepata sufuria ya mtu.

"Mama," akamwambia yule mgeni, na ni kwake tu alisema, "ilikuwa na tope. Batu banasema unakuja kuchukua kitu yako, na ilikuwa na tope. Ningekurudishia je? Nilisugua na majivu. Sikujua. Nilifikiri buchafu inakataa kutoka, njo nikakaza." Akaionyesha ekra kwa kidole cha majivu. "Hii mafuta ni uongo ya hawa banaume. Mimi nilikataa. Unisamehe."

Mzee wa fimbo akacheka kwa pua. "Majivu! Ku televizyo! Mama, utudanganye vizuri basi."

Lakini bibi alikuwa ameshachuchumaa. Alifuata ile miduara kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akaishika televizyo kwa pembe akaigeuza, akatazama mgongo wake. Pale hatukuwa tumetazama tangu mama aisugue, mimi, wala yaya, wala papa. Mgongo wote ulikuwa umesuguliwa. Ile plastiki nyeusi ilikuwa imebadilika rangi kwa kusuguliwa. Kwenye vile vitundu vidogo vya kupumulia hapakuwa na chembe ya tope, vilikuwa vimechokonolewa kimoja kimoja kwa kijiti. Hata miguu yake miwili, chini kabisa, pale inapokanyaga meza, ilikuwa myeupe.

"Bazee," bibi akasema, "muje muone huku."

Wakaja. Wakainama wote wawili, na fimbo.

"Munaona? Mwizi hasugui nyuma."

Mzee wa fimbo akatazama vile vitundu. Akaingiza ncha ya kucha kwenye kimoja, ikatoka safi.

Bibi akaomba tuiwashe. Betri ya panneau, ile ya umeme wa jua, ilikuwa imejaa, yaya akaunga nyaya. Ikawaka. Kwaya fulani ilikuwa inaimba, mistari mitatu ya waimbaji ndani ya ukungu mzito, na mmoja wa pembeni amemezwa na sirage mpaka kiunoni. Tulisimama wote tukatazama. Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na alipokuwa pale chini kicheko kikageuka. "Bintu yangu yote banachoma," alikuwa anasema, "yote, yote. Hii moja, mutu ameisukula mpaka nyuma." Mama akaenda akakaa kando yake, akamshika kwa ile mikono yake ya majivu, na hakuna mtu aliyethubutu kuzima kwaya.

Baadaye, chai iliponywewa, na safari hii ilinywewa na wote, mzee wa fimbo akakohoa. Akamuuliza papa, huku akitazama dirishani, kama kwenye kona ile kungepatikana nafasi ndogo kwa masini yake ya kushona. Papa akasema nafasi iko.

Nje motari alikuwa anapiga honi. Rafiki wa papa akainuka, akafungua kamba aliyokuja nayo ya kufungia televizyo.

"Acha kamba," bibi yake akamwambia. "Itabaki hapa."

Akafuta uso, akajifunga kitenge vizuri, akaaga kila mtu kwa mkono. Kwa mama alifika mwisho, na mkono wake hakuuachia haraka.

"Lakini, mama, tafazali," akasema. "Usiisafishe tena."